Kufundisha Kihispania cha Kiwango cha Kati: Utamaduni Haungoji Ijumaa

Mwanafunzi wangu mmoja, mtu wa makamo anayewatembeza wageni katika Mji wa Kale wa Mombasa, alinijia jioni moja akiwa amenuna. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amepata familia kutoka Bogotá, na mama wa familia hiyo, aliyekawia kushuka kwa karibu nusu saa, alimkuta mlangoni mwa hoteli akamwambia, "Qué pena con usted." Mzee wangu alijua kwamba "pena" ni huzuni, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia hivyo ubaoni, basi akaelewa kwamba mama wa watu anamwonea huruma. Akajitazama viatu, akajitazama shati, kisha akajibu kwa Kihispania kisicho na kosa hata moja la sarufi kwamba yeye hana huzuni yoyote na kwamba maisha yake, alhamdulillahi, ni mazuri. Kumbe nchini Kolombia maneno hayo ni samahani ya kila siku, ya mtu anayeona haya kwa usumbufu aliouleta. Ni Uhispania ambako mtu akisema "qué pena" huwa anasikitika.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimempa neno bila kumpa watu wanaolisema, na kwa miaka kadhaa sasa nimeona kwamba hapo ndipo wanafunzi wa kiwango cha kati hukwama. Anayeanza hukosa maneno. Aliyefika kiwango cha B1, yaani ngazi ya 3 kati ya zile 6 za mpangilio wa Ulaya, maneno anayo na vitenzi anaviweza, ila hajui neno lipi humwendea nani, wala ukimya wa aliye mbele yake una maana gani. Mwalimu akimwongezea majedwali tu, humwongezea silaha asizojua pa kuzitumia.

Nilipoanza kufundisha kiwango hiki niliigawa wiki kama wanavyoigawa wengi: Jumatatu na Jumatano sarufi, Ijumaa utamaduni. Ijumaa hizo nilileta picha za wacheza flamenco na kofia pana za Meksiko, na mara moja tukapika paella kwa zafarani halisi iliyonigharimu pesa nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Watu waliokulia kwenye pilau na biriani waliila kwa adabu, na dada mmoja akaniuliza kwa upole kama viungo vilisahauliwa. Tulicheka, tukapiga picha, tukaagana. Jumatatu iliyofuata hakuna aliyekuja na sentensi hata moja mpya kinywani. Silaumu chakula, ninachokilaumu ni ile Ijumaa, kwa kuwa iliwafundisha wanafunzi wangu kwamba utamaduni ni kitindamlo na sarufi ndiyo mlo.

Tangu hapo naanzia barazani kwetu. Hapa Mombasa ukimpita mtu anakula, atakwambia "Karibu," nawe utamjibu "Starehe," na nyote wawili mnajua kwamba hakuna aliyealikwa wala aliyekataa. Watu wengi wa Uhispania, hasa waliokomaa umri, wana mazungumzo hayo hayo: anayekula huuliza "¿Gusta?" na mpita njia hujibu "Gracias, que aproveche." Huwaketisha wanafunzi wawili mezani wakiwa na sahani ya viazi karai, na wengine wote hupita mmoja mmoja wakijibizana nao. Daima hutokea mmoja anayejibu "Sí, gracias" na kuvuta kiti, na kicheko kinacholipuka hapo ni ushahidi kwamba darasa limeshaielewa desturi yenyewe kabla sijaieleza. Baada ya watu kumi na watano kupita ndipo ninapowaambia kwamba "aproveche" waliyoitamka mara kumi na tano ndiyo hali tegemezi, ile "subjuntivo" waliyosikia uvumi kwamba huwafukuza watu madarasani.

Mswahili hana sababu ya kuiogopa hali hiyo, kwa sababu anayo nyumbani. Tunasema "anakuja" lakini "nataka aje", tunabadilisha irabu ya mwisho na hatuhisi kwamba tumefanya jambo kubwa. Kihispania nacho hubadilisha irabu: "habla" huwa "hable", "come" huwa "coma", na "quiero que venga" hukaa sawasawa na "nataka aje". Mahali bora zaidi pa kuizoeza ni kwenye dua, maana watu wa pwani hushinda wakiombeana dua kutwa nzima, na wazungumzaji wa Kihispania vilevile. Anayeugua huambiwa "que te mejores", anayesafiri huambiwa "que te vaya bien", marehemu husemewa "que en paz descanse" kama sisi tunavyosema apumzike kwa amani, na bibi humuaga mjukuu wake kwa "que Dios te bendiga". Kisha huleta "ojalá", neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, ambalo leo hutamkwa na kila mtu, mwenye dini na asiye nayo, na ambalo hufuatwa na hali tegemezi kila mara. Kwa siku mbili darasa huombeana mvua, afya, wachumba na ushindi wa timu za mpira, na jedwali la vitenzi hulifungua siku ya tatu, likiwa sasa ni kumbukumbu ya jambo wanalolijua.

Ni lazima pia uoneshe pale njia zinapoachana, la sivyo mfanano huo utawadanganya. Sisi husema "nafurahi kwamba umekuja" kwa hali ya kawaida, kwa kuwa kuja kumeshatokea. Kihispania husema "me alegro de que hayas venido" kwa hali tegemezi, kwa kuwa sentensi imeanzia moyoni mwa msemaji. Sisi hutenganisha "ulipokuja" na "utakapokuja" kwa viambishi vya wakati, ilhali wao hutenganisha "cuando viniste" na "cuando vengas" kwa hali. Mambo haya mawili pekee hunichukulia wiki nzima, na sioni kama ni nyingi.

Kuhusu "ser" na "estar", vitenzi viwili vya Kihispania vyenye maana ya "kuwa", nina maneno ya kusema, kwa sababu naamini kanuni inayofundishwa kwingi, kwamba "ser" ni ya mambo ya kudumu na "estar" ya mambo ya kupita, imewaharibia watu wengi. Mwanafunzi huuliza, na ni haki yake, kwa nini maiti husemwa "está muerto" ilhali hakuna hali inayodumu kuliko hiyo. Sikuwa na jibu zuri mpaka niliposikiliza Kiswahili changu mwenyewe. Tunasema amechoka, ameketi, amekufa, mlango umefungwa, kikombe kimevunjika. Na Kihispania husema "está cansado", "está sentado", "está muerto", "la puerta está cerrada", "la taza está rota". Ile "-me-" yetu ya hali iliyobaki baada ya tendo hukaa vizuri ajabu mahali pa "estar". Ila "-me-" ina kazi mbili, kwa hiyo nawafundisha kujiuliza: je, naeleza hali aliyomo mtu sasa, au natoa habari ya jambo lililotokea? "Basi limefika" ni habari, nayo huenda kwa "el autobús ha llegado". Hapo tena utamaduni huingia bila kuitwa, kwa sababu mtu wa Madrid atasema "hoy he comido", kama sisi tunavyosema leo nimekula, huku mtu wa Meksiko au wa Ajentina akisema "hoy comí" bila kujali kwamba leo bado haijaisha.

Nyakati zilizopita nazifundisha kwa hadithi. Wengi wetu tumelelewa kwa "Paukwa" na "Pakawa", na sikio la mtu aliyesikiliza hadithi utotoni linajua kwamba "alikuwa akiishi" ni pazia la nyuma, na kwamba "akatoka, akamwona, akamkimbilia" ni matendo yanayosukumana mbele. Pale penye mlolongo wa "-ka-" Kihispania huweka "indefinido", na pale penye "alikuwa aki-" huweka "imperfecto". Hadithi zao hufunguliwa kwa "había una vez", ambayo ni "imperfecto" tupu, na nyingi hufungwa kwa "colorín colorado, este cuento se ha acabado", wimbo mdogo usio na maana kubwa kuliko utamu wake, kama vibwagizo vyetu. Kila mwanafunzi huleta hadithi ya bibi yake, huisimulia kwanza kwa Kiswahili huku wenzake wakihesabu "-ka-" kwa vidole, kisha huisimulia kwa Kihispania. Sijapata zoezi jingine linalonipunguzia kalamu nyekundu kiasi hicho.

Suala la heshima ndilo lililonipa taabu kubwa kuliko yote. Vitabu husema kwamba "tú" ni ya rafiki na "usted" ni ya mkubwa, na wanafunzi hudhani kwamba Kiswahili hakina kitu kama hicho kwa kuwa sote ni "wewe". Huwauliza: nani kati yenu anaweza kumwambia mama mkwe "wewe" kavukavu? Kimya. Basi tunayo heshima, ila tumeiweka penginepo, katika shikamoo na kubusu mkono, katika kumwita mtu mama fulani badala ya jina lake, katika kupunguza sauti. "Usted" ina historia inayofanana na hiyo, kwa kuwa ilitokana na "vuestra merced", namna ya kumtaja mkubwa kwa cheo chake bila kumnyooshea kidole. Wakishalielewa hilo ndipo ninapoivuruga kanuni: nawaambia kwamba huko Bogotá ndugu wa tumbo moja, hata mtu na mkewe, huweza kuitana "usted" kwa mapenzi matupu, kwamba Buenos Aires hakuna "tú" bali "vos", yenye vitenzi vyake kama "vos tenés", na kwamba kundi la marafiki wa Madrid huitwa "vosotros", ilhali Amerika yote ya Kilatini husema "ustedes" kwa marafiki na wakubwa vilevile. Ushauri ninaowapa wafanyakazi wa hoteli ni kuanza na "usted" kwa kila mgeni na kungoja. Mgeni wa Uhispania mara nyingi atawaambia wenyewe waiache, na hakuna aliyewahi kukasirishwa na heshima iliyozidi kidogo.

Maneno ya Kiarabu yaliyomo katika lugha zote mbili huwafurahisha watu wa Mombasa, na mwalimu asiyeyatumia anaacha mali chini. Waarabu na Waberberi waliingia Uhispania mwaka wa 711, na dola ya mwisho ya Kiislamu, Granada, ilianguka mwaka wa 1492. Karne hizo zote ziliacha maneno ambayo bahari na biashara ziliyaleta kwetu kwa njia nyingine. "Azúcar" na sukari, "aceituna" na zaituni, "hasta" na hata, "fulano" na fulani: haya hayahitaji maelezo. Yanayofundisha zaidi ni yale yaliyobadilika njiani. "Rehén" ni ndugu wa rehani yetu, ila wao huiweka kwa mtu aliyetekwa na kushikiliwa; "mezquino" ni ndugu wa maskini, lakini maana yake leo ni bahili, mtu mwenye roho ndogo; "alcalde" ni kadhi aliyegeuka kuwa meya. Hata hivyo, nisingependa somo hili liwe hadithi tamu ya udugu. Wayahudi walifukuzwa Uhispania mwaka huo huo wa 1492, na wazao wa Waislamu waliobatizwa wakafukuzwa kati ya 1609 na 1614, na darasa linalojua neno "ojalá" lina haki ya kuyajua hayo pia.

Kila muhula huwapeleka wanafunzi Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, wakati taji la Ureno lilikuwa kichwani mwa mfalme wa Uhispania, Felipe wa Pili, kwa maana falme hizo mbili zilikuwa na mfalme mmoja tangu 1580 hadi 1640. Tukisimama kwenye ukuta unaotazama bahari, kila mmoja hueleza kwa Kihispania kitu kimoja anachokiona, na wale wanaotembeza wageni huko kila siku hugundua kwamba hotuba waliyoikariri haiwasaidii mtu akiwauliza swali la pembeni. Mazoezi hayo nayathamini kuliko mtihani wowote niliowahi kutunga.

Kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulijua, nalo ni kwamba wanafunzi wangu walikuwa wakifikiri Kihispania ni lugha ya watu weupe. Guinea ya Ikweta ina Kihispania kama lugha rasmi, na watu wake wengi nyumbani husema Kifang na Kibubi, ambazo ni lugha za Kibantu kama yetu. Huko Kolombia, si mbali na Cartagena, kiko kijiji cha San Basilio de Palenque, kilichoasisiwa na watu waliotoroka utumwa, ambao wazao wao wana lugha yao, Kipalenkero, yenye maneno mengi ya Kihispania na mizizi ya Kikongo. Niliandika ubaoni neno moja la lugha hiyo, "ngombe", nikauliza maana yake. Darasa likanitazama kama mtu anayewafanyia mzaha. Nilipoongeza kwamba wingi wake ni "ma ngombe", kijana mmoja wa Likoni alisimama kabisa kitini.

Kwa wale waliokaribia B2 nina mjadala mmoja nisiouacha. Tarehe 12 Oktoba, siku Kolumbasi alipofika Amerika, ni sikukuu ya taifa nchini Uhispania, ni siku ya uhuru wa Guinea ya Ikweta ulioupata kutoka kwa Uhispania hiyo hiyo mwaka wa 1968, na nchini Venezuela imeitwa tangu 2002 siku ya upinzani wa wenyeji asilia. Wakenya huuelewa mjadala huo papo hapo, kwa kuwa siku tunayoiita ya Mashujaa, wiki moja tu baadaye, ilikuwa Siku ya Kenyatta hadi katiba ya 2010. Kubishana kuhusu nani ana haki ya kuipa siku jina hutoa sentensi ngumu ambazo hakuna kitabu kingeweza kuzitoa.

Niulizwapo ni Kihispania kipi cha kufundisha, nakumbusha kwamba mwaka wa 1928 wajumbe walikutana hapa hapa Mombasa wakakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa nyumbani kwake. Mtu anayesema "mato" na "ndoo" kwao na "macho" na "njoo" shuleni hahitaji kuambiwa kwamba usanifu si ubora. Kihispania kina akademia 23 zinazoshauriana, na bado "guagua" ni basi huko Kuba na Visiwa vya Canary, na ni mtoto mchanga huko Chile, kama sisi tunavyosema leso na wenzetu wa Tanzania wakasema kanga. Msimamo wangu ni huu: kinywa kichague Kihispania kimoja na kishikamane nacho, masikio yazoezwe kusikia vyote. Mwalimu naye asijifanye wa Madrid wiki hii na wa Lima wiki ijayo.

Na tafadhali rudini kwenye saa, hata kama mlishaifundisha mwanzoni. Mwanafunzi wangu aliwaahidi wageni "a las dos" akiwa na maana ya saa mbili asubuhi, akawangoja tangu saa hizo, nao wakashuka saa nane mchana wakiwa wametulia kabisa.

Muhula uliopita tulimaliza kwa neno ambalo halikutafsirika. Niliandika "pole" juu kabisa ya ubao na kuwaomba wanipe Kihispania chake. Chini yake tuliandika "lo siento mucho" ya msiba, "que te mejores" ya mgonjwa, "ánimo" ya aliyeshindwa, na mishale ikawa mingi hata ubao ukafanana na ramani ya barabara. Lakini kwa pole ya mtu aliyejikwaa, au ya aliyetoka kazini, hatukupata chochote kilichoturidhisha sote. Saa ilipita bila sisi kujua, hadi mlinzi wa jengo alipochungulia akiwa na funguo mkononi. Mzee wangu wa Mji wa Kale alikuwa wa kwanza kuinuka. "Pole, baba, tumekuweka," alimwambia, kisha akanigeukia huku akikusanya vitabu vyake, "Qué pena con el señor, mwalimu."